Ngoma ya usiku na sura ya kuazima: kutoka vinyago vya wazee mpaka Nyege Nyege

Utangulizi

Kila mwaka, mwezi wa kumi ukielekea mwisho, picha zinaanza kuzunguka ndani ya simu za vijana wetu. Watu wamejipaka nyeupe sawa maiti, wengine wamevaa pembe, wengine mabawa, na wanacheza usiku kucha mbele ya mabafle makubwa. Inaitwa Halloween. Wazazi wengi wanasema: "Hayo ni mambo ya wazungu na ya shetani." Vijana wanajibu: "Hapana, hayo ni maendeleo."

Ndugu msomaji, andiko hili linataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zimesahau historia. Kuvaa sura isiyo yako na kucheza usiku ni jambo la zamani sana katika inchi hii yetu, hapa katikati ya Masisi na Walikale na kwa majirani wetu wa msitu. Lakini wazee walilifungia ndani ya sheria. Tunachopoteza leo si mavazi. Ni sheria ile.

1. Halloween na muziki wake vilitoka wapi

Halloween haikuanza na biashara. Watu wa Ireland ya zamani walikuwa na sikukuu ya Samhain, wakati mavuno yamekwisha na baridi inaanza. Waliamini kwamba usiku ule mlango kati ya wazima na wafu unafunguka. Kisha Kanisa liliweka Siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mwaka 835 sikukuu hiyo ikaenezwa katika ufalme wa Wafranki. Mkesha wake, tarehe 31 Oktoba, ndio ulipata jina la Halloween, maana yake mkesha wa watakatifu. Wakati wa njaa kubwa ya viazi, kati ya 1845 na 1852, watu zaidi ya milioni moja walihama Ireland, na wengi walienda Marekani na desturi zao. Huko ndiko boga lilichukua nafasi ya figili iliyochongwa, na huko ndiko wafanyabiashara walianza kuuza mavazi ya usiku mmoja.

Basi, ile sikukuu tunayoita ya shetani ilizaliwa jirani na siku ambayo Wakristo wetu wenyewe wanaenda makaburini, tarehe 1 na 2 Novemba, kusafisha na kuwakumbuka wafu wao.

Na muziki? Wengi wanafikiri muziki wa elektroniki ni wa wazungu. Sivyo. Katika mji wa Chicago, mwaka 1977, ilifunguliwa nyumba ya dansi iliyoitwa Warehouse. DJ wake alikuwa kijana Mweusi, Frankie Knuckles, na muziki unaoitwa house ulipata jina lake kutoka nyumba ile. Katika mji wa Detroit, miaka ya 1980, vijana Weusi watatu, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walianzisha tekno. Kisha muziki huo ulivuka bahari, ukaenea Ulaya, ukarudi Marekani ukiwa biashara ya tamasha kubwa, kama ile ya Escape inayofanywa San Bernardino, Kalifornia, wakati wa Halloween, ambapo watu wengi sana wanafika wamevaa sura za kuazima. Mwanzo wake lakini ni watoto wa watumwa waliotoka bara letu.

2. Sheria ya kinyago kwa wazee

Turudi nyumbani. Majirani wetu Balega, ambao Bakano wa Walikale ni ndugu zao, walikuwa na chama cha Bwami. Mtu alipanda ngazi moja kisha ingine, mpaka ngazi ya juu ya kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao. Kwa kupanda, mtu alitoa mali, lakini vilevile alichunguzwa tabia. Mwizi, mgomvi, mwenye hasira, hawa hawakupita.

Kinyago kidogo cha mti kinachoitwa lukwakongo, kilichopakwa udongo mweupe na kufungwa ndevu za nyuzi, kilikuwa mali ya watu wa ngazi ya yananio. Mtu hakukinunua sokoni. Na jambo la kushangaza kwa mgeni ni hili: mara nyingi hakikuvaliwa usoni. Walikishika mkononi, wakakiweka kwenye paji la uso ao kwenye mkono, wakakitundika kwenye ua, wakakivuta chini kwa ndevu zake. Kila tendo lilienda pamoja na mithali yake, na mithali ile ilifundisha namna ya kuishi. Aliyecheza bila kujua mithali alikuwa hajacheza kitu. Mwenye kinyago alipokufa, kilipita kwa mrithi anayejulikana.

Kwa Bakumu, wenye vinyago vyenye madoa vinavyokwenda viwiliviwili, mwanaume na mwanamuke, mambo yalikuwa mikononi mwa waaguzi waliopitia mafundisho. Kwa Banyanga, sura ya kuazima haikuwa ya mti, ilikuwa ya maneno. Mwaka 1956, mzee Shekarisi Candi Rureke aliimba na kucheza hadithi ya Mwindo siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Alishika kayamba la kibuyu na fimbo ya mkia, vijana wakipiga mti mkavu kwa vijiti, na wakati wa kuimba yeye mwenyewe alikuwa Mwindo: alisema "mimi", akatembea kuzimu, akapanda mbinguni. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akisaidiana na Kahombo Mateene. Siku zile zilipokwisha, Rureke alirudi kuwa Rureke.

Tunaona hapo mambo matatu. Kwanza, sura ilikuwa na mwenyewe. Pili, ilikuwa na fundisho. Tatu, ilikuwa na mwisho: ilivaliwa kwa wakati wake, ikavuliwa, ikafichwa mahali panapojulikana. Mtu akiharibu akiwa ndani ya sura ile, wazee walijua wa kumuuliza.

3. Mzungu aliona kitu gani

Serikali ya Wabeleji iliogopa mambo haya. Mwaka 1948 ilikataza Bwami. Vinyago vingi vilikwisha kutoka ao viliendelea kutoka, vikaenda katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Huko vimetundikwa ukutani, bila mithali na bila mkono wa kuvishika.

Ni kweli, kulikuwa vilevile na sura ya kuogopesha. Upande wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, mpaka maeneo ya Beni, walikuwa Anioto, watu waliovaa alama za chui, wakaua watu kwa makucha ya chuma. Hatufichi jambo hili, kwa sababu linatufundisha kwamba sura isiyo na mtu wa kuulizwa inakuwa silaha. Lakini Wabeleji waliichukua picha ile moja wakaifanya kuwa picha ya Kongo nzima. Mwaka 1913 Paul Wissaert alichonga sanamu ya mtu-chui anayemrukia mtu aliyelala. Iliwekwa katika makumbusho ya Tervuren, na watoto wa Ubelgiji wakakua wakiiogopa. Hergé naye akaweka mtu-chui ndani ya hadithi yake ya Tintin huko Kongo. Kwa maneno mengine, wao walituvalisha sisi vazi la Halloween kabla hata sisi hatujasikia neno lile. Mchoraji wetu Chéri Samba aliliona vizuri: mwaka 2002 alichora Waafrika wakiivuta sanamu ile itoke nje ya makumbusho, na wazungu wakiing'ang'ania. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2018, sanamu ilikuwa imeondolewa katika vyumba vikubwa, imewekwa pembeni pamoja na zingine za namna ile.

4. Beni: sura ya askari

Mtu asifikiri kwamba kuazima sura ya mgeni kulianza na simu. Kwenye pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ilizaliwa ngoma ya beni. Vijana walivaa sare kama askari na mabaharia, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakapeana vyeo vya kizungu. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana. Vita vya kwanza vya dunia vilibeba ngoma hii pamoja na askari na wapagazi mpaka ndani ya bara. Huko Katanga ilijulikana kama mbeni, na wakubwa wa serikali waliitazama kwa wasiwasi.

Beni ilikuwa mchezo, lakini haikuwa fujo. Chama kilikuwa na wakubwa wake, na kilisaidia wanachama katika ugonjwa na maziko. Hivi mavazi yalikuwa ya mzungu, sheria ilikuwa yetu.

5. Nyege Nyege

Leo tamasha linalofanana zaidi na yale ya Halloween katika eneo letu liko Uganda, karibu na Jinja, kwenye mto Nile. Nyege Nyege ilianza mwaka 2015, ikianzishwa na Derek Debru, Mbeleji, na Arlen Dilsizian, mwenye asili ya Ugiriki na Armenia. Wanasema jina linatoka katika Kiganda, maana yake hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili, msomaji anajua neno hili linasikika namna gani, na ubishi mwingi ulianzia hapo hapo kwenye jina. Watu wanacheza siku tatu ao ine, wengi wamejipamba na kujigeuza sura. Mwaka 2023 na 2024 lilifanywa mwezi wa 11, siku chache kisha Watakatifu Wote.

Wakongo wako pale. Rey Sapienz, aliyehamia Kampala, alisaidia kuanzisha nyumba ya muziki ya Hakuna Kulala. Kutoka Kinshasa kuna kundi la Fulu Miziki, wanaotengeneza vyombo vya muziki na mavazi yao kwa takataka: mabomba, mikebe, viatu vya plastiki. Huko huko Kinshasa, tangu 2015, kuna tamasha la KinAct la Eddy Ekete, ambaye anatembea barabarani amevaa mikebe tupu mwili mzima. Watoto wanamfuata wakicheka, lakini wakubwa wanaelewa: mji umejaa uchafu. Pale sura imepata fundisho tena, bila mzee wa Bwami kuamuru. Na Basoga wa Nakibembe wanaleta embaire, marimba makubwa yanayowekwa juu ya shimo na kupigwa na watu wengi pamoja, yanasikika sawasawa na mashine za umeme.

Serikali ya Uganda ilisumbuka. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alikataza tamasha, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 bunge lilitaka kulisimamisha. Waziri mkuu, Robinah Nabbanja, aliruhusu liendelee kwa masharti vilevile. Wengi walicheka ubishi ule. Mimi naona ulikuwa na maana. Watu walikaa chini wakauliza: nani anaingia, nani haingii, nani anajibu kama kuna mabaya? Hilo ndilo swali wazee walijiuliza mbele ya kutoa kinyago.

6. Usiku wetu

Kuna sababu ingine inayofanya jambo hili liwe zito kwetu kuliko kwa wengine. Tangu mwezi wa tatu mwaka 1993, vita vilipowaka sokoni Ntoto na kuenea Masisi yote, usiku wetu ulibadilika. Mtu aliyefunika uso gizani hakuwa tena mchezaji. Alikuwa mtu wa kukimbia. Kijiji kisicholala nyumbani hakiwezi kukesha kwenye ngoma. Wazee walikufa njiani, wengine kambini, na mithali zao zikaenda pamoja nao. Watoto wetu wengi wamekulia Uganda, Nakivale, Kyaka na Kyangwali. Kwa wale, ngoma ya kwanza ya usiku kucha bila milio ya risasi inaweza kuwa ya mabafle. Tusiwatukane juu ya hiyo. Nani hatafurahi kucheza usiku bila woga?

Lakini tuwaambie ukweli. Vazi la kununua usiku mmoja na kutupa kesho halimuulizi mvaaji kitu. Ndani ya umati wa maelfu, bila jina na bila uso, kijana anaweza kuumizwa ao kuumiza, na kesho hakuna anayejua.

Mwisho

Chama chetu kinaweza kufanya kazi tatu ndogo. Kuandika majina ya vinyago, ngoma na mithali kutoka kwa wazee waliobaki, wakati wangali wazima. Kuwapa wanafunzi siku moja ya mwaka, mchana, wacheze kwa mavazi waliyotengeneza wenyewe kwa majani, magome ao mikebe, na kila mmoja aseme vazi lake linafundisha nini. Na kuwaambia wanaokwenda tamasha za mbali waende pamoja, wajuane, warudi pamoja.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana hupasuka. Hawakusema ngoma isipigwe. Walitaka awepo mtu wa kusikia ngozi inapoanza kuchoka. Kijana akivaa pembe mwisho wa mwezi wa kumi, tusianze kwa kumlaani. Tumuulize sawa wazee wangeuliza: sura hii ni ya nani, inasema nini, na ukiivua utaiweka wapi?