Dirisha Ni Mlango Mdogo

Neno dirisha tulilipata kwa Waajemi. Kwao dar ni mlango, na dariche ni mlango mdogo. Biashara ya Bahari ya Hindi ikalifikisha Pwani, Waswahili wakalipa sauti yao, kisha likapanda bara hadi Nairobi. Neno lilifika salama. Ile maana ya mlango ndiyo iliyodondoka njiani. Toka Valley Arcade, fuata Gitanga Road ukielekea Kawangware, halafu hesabu madirisha ya Lavington ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kupitia akitaka kutoka. Vidole vya mkono mmoja vitakutosha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli, iliyofika hapa mwaka 1899. Mwaka huohuo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walianzisha misheni ya St Austin's upande huu wa magharibi, wakapanda kahawa. Kanisa bado liko. Kahawa ndiyo iliyotoka, ikaacha nafasi kwa nyumba za wazungu, maana serikali ya kikoloni iligawa mji kwa rangi: Mwafrika Eastlands, Mhindi Ngara na Parklands, mzungu huku kwenye miti na ukungu wa asubuhi.

Nyumba hizo zilivaa madirisha ya chuma. Mtindo wake ulitoka Uingereza, ambako Francis Henry Crittall, mwenye duka la vyuma katika mji wa Braintree, alianza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka 1884. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yalipoanza kutengenezwa kwa vipimo vya kawaida, yakawa bei nafuu na yakasambaa kote kwenye himaya. Bado utayaona kwenye bangalo chache ambazo tingatinga halijazifikia, na kwenye mitaa ya zamani ya serikali: vioo vidogo vidogo, puti iliyokauka, rangi tabaka juu ya tabaka.

Angalia vifaa vyake, kwa sababu historia yote iko hapo. Ubavuni kuna bawaba mbili. Katikati kuna kishikio, mara nyingi cha shaba, ambacho ukikigeuza ulimi wake unabana fremu. Chini kuna mkono mrefu wenye matundu, unaouchomeka kwenye pini ili upepo usilipigize dirisha. Basi. Hakuna ufunguo. Ukiwa ndani unasukuma na lote linafunguka nje kama jani la mlango. Aliyetengeneza dirisha hilo aliwaza hewa na mwanga. Mwizi hakuwa kwenye hesabu zake.

Woga uliingia baadaye, na uliingia kwa awamu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Januari 1953 familia ya Ruck ikauawa Kinangop, na walowezi wengi wakaanza kuwatoa wafanyakazi nje ya nyumba kabla ya giza na kufunga kila kitu. Uhuru ukaja, wenye nyumba wakabadilika, kufuli hazikubadilika. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka ya katikati ya mji yaliporwa mchana kweupe, na mwenye duka ambaye hakuwa na shata ya chuma alijua kazi yake ya kwanza ni ipi. Miaka ya tisini ikatuletea lile jina la kejeli, Nairobbery. Kufikia hapo grili ilishatoka dukani ikaingia sebuleni, jikoni, hadi kwenye kidirisha cha choo.

Walioifanya grili iwe kitu cha Nairobi ni mafundi wa jua kali. Fundi wa kuchomelea pale Kawangware alichukua vyuma vya mraba na bapa akavigeuza almasi, maua, miale ya jua. Tukasahau kwamba ni vizuizi, tukaanza kuchagua muundo kama vile mtu anachagua kitenge. Na kwa kuwa dirisha lilikuwa la chuma, grili ilichomelewa palepale kwenye fremu, vikawa kitu kimoja. Kioo kilifunguka, lakini mtu alibaki ndani.

Gharama yake tuliiona shuleni. Machi 1998, moto uliteketeza bweni la Bombolulu Girls huko Pwani, wakafa wasichana 26. Milango ilikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na grili. Machi 2001 ikawa Kyanguli, Machakos: wavulana 67. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hizo grili ziliwekwa kwa nia njema kabisa, ili watoto walale salama. Chuma hakijui nani ni mwizi na nani ni mtoto wa kidato cha pili anayekimbia moshi.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Kuhusu mabweni hauzungushi maneno: mlango uwe na upana wa futi 5 au zaidi na ufunguke kwenda nje, usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na grili bali yafunguke kirahisi kwenda nje. Soma tena hilo la mwisho. Bila kutaja Waajemi popote, wizara ilikuwa imerudisha maana ya zamani ya neno. Lakini mwongozo huo ni wa shule. Kwenye keja yako hauingii.

Sasa tufike kwenye aluminiamu, ambayo ndiyo Lavington ya leo. Kwa karne ya 19 hii ilikuwa metali ya kujionyesha. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, waliuvisha ncha ya aluminiamu ya karibu kilo 3, wakaitazama kama kito. Miaka miwili tu baadaye, Charles Martin Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaporomoka. Sisi tuliizoea kwanza jikoni, kama sufuria. Ilichukua muda kupanda hadi ukutani.

Ilipopanda haikushuka. Tangu miaka ya 2000 bangalo za nusu ekari zimekuwa zikibomolewa na maghorofa kuota mahali pake, na ghorofa linapenda aluminiamu: haili kutu kama chuma, uzito wake ni thuluthi moja ya chuma, na ikipashwa moto inasukumwa kwenye tundu la umbo lolote unalotaka, ikatoka na mifereji tayari kwa rola, raba na brashi ya kuzuia vumbi. Fundi wake hachomelei. Anakata kwa msumeno na kufunga kwa skrubu.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayaangalii wakihamia. La kwanza, dirisha la kuteleza halifunguki lote. Kipande kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo nafasi halisi ni nusu tu. La pili, grili haikuondoka. Haiwezi kuchomelewa kwenye aluminiamu, basi inafungwa ukutani peke yake. Na hapa pana hesabu ya kutisha kidogo: aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, chuma cha grili kinahitaji zaidi ya 1,400. Moto mkali unaweza kula dirisha lote na kuacha grili imesimama wima.

Kinachoshangaza ni kwamba sababu za grili nyingi zimekwisha. Ghorofa lina ukuta, waya wa umeme, kamera, geti na soja wa zamu mbili. Mwizi wa kupanda hadi ghorofa ya nne kwa nje ni nadra sana. Wenye nyumba huweka grili kwa mazoea, na wapangaji tunaiuliza kwa mazoea. Ipo sababu moja ambayo siwezi kuibeza: watoto. Kwenye ghorofa ya nne, dirisha pana linaloteleza bila kizuizi ni hatari kwa mtoto anayejifunza kupanda viti. Mzazi anayetaka chuma hapo ana haki.

Ila mzazi huyo hahitaji ukuta wa chuma. Kwa kuwa aluminiamu ilitenganisha dirisha na grili, grili sasa inaweza kuwa na bawaba zake. Fundi anatenga kipande kimoja, kiwe kwenye ule upande wa dirisha unaofunguka, kiwe kikubwa kumpitisha mtu mzima, anaweka bawaba mbili na komeo la ndani, juu, mahali mtoto hafiki. Komeo, si kufuli. Kufuli ina ufunguo, na ufunguo usiku wa moshi uko kwenye suruali ya jana, au kwenye droo, au kwa mwenzako aliyesafiri.

Sisi ndio kizazi kinachopanga nyumba hizi, na tukienda kutazama keja tunauliza maswali yetu: maji yanakuja siku ngapi, Wi-Fi ni ya nani, tokeni za stima zikoje. Ongeza moja. Simama mbele ya dirisha la chumba cha kulala, shika grili, na umuulize keateka: hii inafungukia wapi?