Mgogoro wa Ario

Mgogoro wa Ario ni mabishano ya kiteolojia yaliyoligawa Kanisa katika karne ya 4 kuhusu uhusiano wa Mwana wa Mungu na Baba, na baadaye kuhusu hadhi ya Roho Mtakatifu. Ulianzia Aleksandria, Misri, ukaenea kote katika Dola la Roma, na ndio uliolilazimisha Kanisa kuyaandika rasmi mafundisho ya Utatu: Mungu mmoja, nafsi tatu.

Chanzo

Swali lenyewe ni la zamani kuliko Ario. Wakristo walibatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, wakamwabudu Kristo, na wakati huohuo wakashikilia kwamba Mungu ni mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 3 Sabelio, aliyefundisha Roma, alijibu kwamba hao watatu ni Mungu yuleyule anayejidhihirisha kwa namna tatu. Papa Kalisto I akamtenga. Tertuliano wa Karthago naye alipambana na mafundisho ya aina hiyo, na katika mapambano hayo akawapa Wakristo wa Kilatini istilahi zilizodumu: dhati moja, nafsi tatu.

Ario, padri mwenye asili ya Libya aliyeongoza kanisa la Baukali mjini Aleksandria, aliukwepa mtego wa Sabelio kwa kukimbilia upande wa pili. Alifundisha kwamba Baba peke yake hana mwanzo. Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Askofu wake, Aleksanda, aliona msingi wa imani unabomoka, kwa kuwa Kristo akiwa kiumbe, Wakristo wanaabudu kiumbe. Sinodi ya maaskofu wa Misri na Libya ikamtenga Ario.

Hakunyamaza. Alitunga kazi ya kishairi iitwayo Thalia, na inasimuliwa kwamba alitunga pia nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, hivyo teolojia yake ikaimbwa na watu wasiowahi kushika kitabu.

Mtaguso wa Nisea

Mwaka 324 Konstantino alimshinda Lisinio akabaki mtawala pekee wa dola. Alimtuma Hosio, askofu wa Cordoba, na barua ya kuwasihi Aleksanda na Ario wapatane, akiwaambia kwamba wanagombania jambo dogo. Barua haikufua dafu. Mwaka uliofuata akawaita maaskofu Nisea, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Mapokeo hutaja maaskofu 318. Eusebi wa Kaisaria, aliyekuwepo, anasema walizidi 250. Karibu wote walitoka Mashariki.

Kazi ngumu ilikuwa kupata maneno. Kila usemi wa Biblia uliopendekezwa, wafuasi wa Ario waliukubali kisha wakaufasiri kwa njia yao. Hatimaye mtaguso ukachukua neno la Kigiriki lisilomo katika Biblia, homoousios, yaani mwenye dhati moja na Baba. Maaskofu wawili tu wa Libya, Sekundo na Theona, walikataa katakata, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Vurugu za nusu karne

Wengi waliotia saini hawakuridhika, kwa sababu neno hilo liliwanukia Usabelio. Upepo ukageuka upesi. Ario aliruhusiwa kurudi, akafa Konstantinopoli mwaka 336 akiwa karibu kupokewa tena kanisani. Mwaka 337 Konstantino mwenyewe alibatizwa akiwa mahututi na Eusebi wa Nikomedia, mtetezi mkuu wa Ario.

Chini ya mwanawe, Konstansio II, kambi ziliongezeka. Wa kwanza walisema Mwana ana dhati moja na Baba. Wa pili, dhati inayofanana na ya Baba. Wa tatu, anafanana na Baba tu, bila kuigusa dhati. Wa nne, hafanani naye kwa dhati. Kaisari aliutia nguvu msimamo wa tatu, na kufikia mwaka 360 ndio uliokuwa imani rasmi ya dola.

Aliyesimama kidete kuitetea Nisea ni Atanasi, askofu wa Aleksandria tangu 328. Alifukuzwa mara tano na makaisari wanne, akapoteza takriban miaka 17 uhamishoni. Usiku mmoja wa Februari 356 askari walilizingira kanisa la Theona wakati wa mkesha. Atanasi alibaki kwenye kiti chake, akamwamuru shemasi asome zaburi na waumini waitikie, kisha waondoke. Milango ilipovunjwa, watawa walimtorosha katikati ya ghasia, naye akaishi mafichoni kwa wamonaki wa jangwani.

Mkono wa Konstansio ulijaribu kufika hata nje ya dola. Aliwaandikia watawala wa Aksum, Ezana na ndugu yake, akitaka Frumensio, askofu wao aliyewekwa wakfu na Atanasi, arudishwe Misri akahojiwe imani yake. Frumensio akabaki Aksum, na Waethiopia humheshimu hadi leo kama Abba Salama.

Konstantinopoli na baadaye

Ufumbuzi uliandaliwa na watu watatu wa Kapadokia: Basili wa Kaisaria, mdogo wake Gregori wa Nisa, na rafiki yao Gregori wa Nazianzo. Walitofautisha dhati, ambayo ni moja, na nafsi, ambazo ni tatu, na hivyo wakawavuta wengi wa kambi ya dhati inayofanana. Gregori wa Nisa aliwakejeli wakazi wa Konstantinopoli wakati huo: ukiuliza bei ya mkate, unajibiwa kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana.

Kaisari Theodosio alitangaza imani ya Nisea kuwa ya dola mwaka 380, na mwaka 381 maaskofu wapatao 150 walikutana Konstantinopoli. Maaskofu 36 waliokana umungu wa Roho Mtakatifu waliondoka kikaoni. Kanuni ya Imani ya Nisea-Konstantinopoli inahusishwa na mtaguso huo.

Uario uliendelea miongoni mwa Wagothi, waliohubiriwa na askofu Wulfila, na Wavandali, walioitawala Afrika Kaskazini hadi 534. Magharibi baadaye iliongeza katika kanuni kwamba Roho hutoka kwa Baba “na Mwana”, nyongeza iliyopokewa Roma mwaka 1014. Wakatoliki wa Afrika Mashariki husali kanuni hiyo pamoja na nyongeza; Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania huisali bila nyongeza.