Afrika, dhahabu na Naomi mbele ya kamera ya LaChapelle

Mwaka 2009 mpigapicha wa Marekani David LaChapelle alimketisha mwanamitindo Naomi Campbell upande wa kushoto wa picha, titi moja wazi, macho makavu. Upande wa kulia kijana wa Kizungu amelala fofofo juu ya dhahabu. Hapo walipo pana watoto weusi wameshika silaha. Ukuta wa nyuma umebomoka, na kupitia tundu lake unaona mitambo ikifukua ardhi. Picha inaitwa The Rape of Africa, jina lisilomung'unya maneno: Afrika imebakwa, na mbakaji amelala usingizi.

Umbo la picha limetoka kwa Botticelli, aliyewachora Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na Mars, mungu wa vita, huko Italia katika miaka ya 1480. Mchoro huo uko National Gallery, London. Kwa Botticelli mungu wa vita amelegezwa na mapenzi, na vitoto vyenye miguu ya mbuzi vinachezea mkuki wake. LaChapelle hakuhitaji kubadili mengi. Venus akawa Afrika, vitoto vikawa askari watoto, na utani wa mapenzi ukawa mashtaka.

Kwa miaka mingi wakosoaji walimweka LaChapelle katika fungu la mafundi wa rangi kali, miili mitupu na vituko vya watu maarufu. Naamini walimsoma nusu. Picha zake zilikuwa za kidini tangu mwanzo. Alizaliwa Connecticut mwaka 1963, akatoroka nyumbani akiwa na miaka 15 na kwenda New York, ambako aliondoa vyombo mezani katika klabu ya Studio 54. Baada ya kusoma sanaa North Carolina alirudi New York, wakati Ukimwi ukiwazika vijana wa rika lake mmoja baada ya mwingine. Alichopiga wakati huo ni malaika, watakatifu na wafiadini. Kompyuta za kuhariri picha hazikuwa zimeenea. Alipaka rangi kwa mkono kwenye negativu zenyewe. Mwaka 1984 kazi hizo zilionyeshwa katika 303 Gallery, na msanii Andy Warhol akampa kazi katika jarida lake la Interview. Warhol alipofariki Februari 1987, LaChapelle alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho waliompiga picha.

Miaka ya tisini ilimpa kila mtu mwenye jina: Madonna, Tupac, Elton John. Kati ya picha hizo zote ninayoiona nzito zaidi ni ya mwanamuziki wa rap Lil' Kim, ya mwaka 1999, mwili mzima umechorwa nembo za Louis Vuitton. Wengi waliona uchi. Mimi naona mtu aliyepigwa chapa ya duka. Mwaka 2003 alimpeleka Yesu kukaa na vijana wa mitaani katika mfululizo wa Jesus Is My Homeboy, na mwaka 2006 akamvika Kanye West taji la miiba kwenye jalada la Rolling Stone. Wakristo wengi walikasirika, na hasira yao inaeleweka. Lakini kumweka Yesu miongoni mwa watu wanaodharauliwa si kufuru. Injili yenyewe inamweka huko.

Mwaka huohuo wa 2006 aliacha kazi za majarida, akahamia shambani Maui, visiwa vya Hawaii. Alikuwa ameitazama michoro ya Michelangelo kwenye dari la Kanisa la Sistine, Vatican, na hapo ndipo ilipozaliwa Deluge, yaani Gharika: watu walio uchi wanavutana kutoka majini, huku jengo la Caesars Palace na mabango ya maduka ya kifahari yakizama. Baada ya gharika hiyo ndipo ikaja picha ya Naomi.

Ina udhaifu wake. Bara zima limefanywa mwili wa mwanamke mmoja mzuri, na mgodi ule hauna jina. Msomaji wa Geita, Tanzania, au wa Mongbwalu, Kongo, anajua kwamba dhahabu ina kijiji chake, ina wenyewe, ina makaburi yake. Hata hivyo ulimwengu ulijaza majina yaliyokosekana. Agosti 2010 Naomi aliitwa The Hague kutoa ushahidi katika kesi ya Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia, kuhusu mawe aliyoletewa usiku baada ya chakula kwa Nelson Mandela mwaka 1997. Akaeleza kwamba yalikuwa madogo na machafu kwa kuyatazama. Mwanamke aliyeigiza Afrika iliyoporwa akawa shahidi katika kesi ya almasi za damu.

Na Januari 2009, mwaka wa picha hiyo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilikuwa imeanza kusikiliza kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, jimbo la dhahabu mashariki ya Kongo. Alishtakiwa kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2012 alipatikana na hatia, akafungwa miaka 14. Mashtaka yake yalihusu watoto tu, dhahabu haikuwamo. LaChapelle aliviweka vyote viwili katika fremu moja, watoto na dhahabu, pamoja na mtu anayeilalia, ambaye hati ile ya mashtaka haikumgusa.