Mchemraba wa data: Ziwa lilivyopata kipimo cha nne

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Homa Bay aliniuliza juzi: "Mwalimu, mchemraba unaingiaje kwenye picha?" Alikuwa amekutana na istilahi "mchemraba wa data" akadhani mfasiri kateleza. Nikamwambia hebu tuanze na gugumaji.

Kufikia mwaka 1998 mmea huo ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Wavuvi walikwama ufuoni, mashua zisiende wala zisirudi. Walichotaka kujua ni kimoja tu: gugu liko wapi leo, na linaelekea wapi?

Picha zilikuwapo. Setilaiti ya kwanza katika msururu wa Landsat ilirushwa Julai 1972, na mwaka 1975 kituo cha kikanda cha ramani kikaanzishwa Nairobi. Shida ilikuwa programu. Programu za kawaida za picha zilijua safumlalo, safuwima na rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Basi! Landsat 5, iliyorushwa 1984, ilileta tabaka saba za mwanga, nyingine hata hazionekani kwa macho. Kumbe siri ilikuwa humo. Majani mabichi huakisi sana mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu, ilhali maji huumeza. Katika tabaka hilo gugumaji hung'aa juu ya ziwa jeusi.

Ikabidi programu zipanuliwe zibebe tabaka zote. Lakini wakati ulibaki nje: kila tarehe ilikuwa na faili yake, unafungua moja, unafunga, unafungua nyingine. Niliwahi kuonyeshwa na afisa mmoja picha ya ziwa safi kabisa, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeziona mashua zimenaswa. Hakunidanganya. Picha ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na upepo haungojei faili.

Picha za Landsat zilipotolewa bure mwaka 2008, wataalamu wa Australia walianza kuzipanga kwa maelfu na kuiingiza tarehe ndani ya safu yenyewe. Kazi yao ikazaa programu huria, na mwaka 2018 nchi tano za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zikaanza kuitumia pamoja. Sasa kila nukta ya mita 30 ina latitudo, longitudo, tabaka na tarehe yake.

Faida yake iangalie Migori. Mto Kuja hufurika Nyatike msimu wa mvua, wakati uleule mawingu yametanda. Programu hutupa nukta zenye wingu, ikachukua nukta ileile ya tarehe nyingine. Mawingu yakikaa mwezi mzima, hapo nayo haina la kusema.

Jina lenyewe silipendi sana. Mchemraba una vipimo vitatu. Hapa viko vinne. Mwanafunzi akapendekeza "mrundo wa picha". Nilikataa: mrundo hutupwa ovyo, na hapa kila picha imelalia nyingine nukta kwa nukta. Tumekubaliana, kwa sasa, na "safu ya vipimo vingi".