Ukungu ulioua watu London

Nimekuwa kimya kitambo, shifti za usiku zimenibana. Leo namjibu Shangazi mbele yenu wote. Nilipomwambia kwenye simu kwamba mwanangu ana pumu, na kwamba daktari wa huku aliuliza kwanza tunakaa karibu na barabara gani, alicheka hadi akaanza kukohoa: "Pumu na barabara wapi na wapi?"

Shangazi, hata watu wa hapa London walikuwa hivyo hivyo. Moshi waliuzoea. Karibu kila nyumba ilikuwa na meko ya makaa ya mawe na dohani juu ya paa, na ule ukungu mchafu wakauona ni sehemu ya mji, kama sisi tunavyolichukulia joto la Dar.

Ikafika Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1952. Baridi kali, kila mtu akaongeza makaa. Tena makaa yenyewe hafifu, maana yale mazuri yalikuwa yanauzwa nje nchi ipate fedha baada ya vita. Upepo ukakata kabisa. Hewa ya vuguvugu ikatanda juu ya hewa baridi kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa majumbani, viwandani na kwenye mitambo ya umeme ukakosa pa kwenda. Salfa yake ikachanganyika na ukungu ikawa tindikali. Watu wakavuta hiyo kwa siku 5.

Makondakta walitembea mbele ya mabasi na taa kumwonyesha dereva njia. Katika ukumbi wa Sadler's Wells opera ilikatishwa kwa sababu moshi uliingia hadi ndani. Ng'ombe walioletwa kwenye maonyesho ya Smithfield wakaanza kufa. (Hapo mimi ningekuwa nimeshafunga begi.) Lakini taharuki haikuwapo, kwa kuwa watu walifia vitandani, mmoja huku mmoja kule, wengi wao wazee na watoto wachanga na wenye vifua vibovu tangu zamani. Wauza majeneza na wauza maua ndio walioona mapema, bidhaa zilipowaishia.

Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 4,000 hivi. Vifo vilibaki juu miezi iliyofuata, na serikali ikasema hiyo ni homa ya mafua. Watafiti waliorudia hesabu nusu karne baadaye walifika 12,000. Sheria ya Hewa Safi ilipita mwaka 1956, tena baada ya mbunge Gerald Nabarro kuibana serikali kwa muswada wake mwenyewe.

Moshi wa makaa ukaisha, ukaja wa magari, ambao macho hayauoni. Februari 2013, Lewisham, alifariki Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 mwenye pumu kali, aliyeishi karibu na barabara ya South Circular. Mama yake hakunyamaza. Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia kumuua, na ikaandikwa hivyo kwa mara ya kwanza Uingereza. Ndiyo maana daktari aliniuliza barabara.

Sasa Shangazi, hicho kikohozi chako. Masika yale nilipokuja, jiko la mkaa ulikuwa unaliingiza chumbani mvua ikianza, na dari ilikuwa nyeusi tii. Ukasema kikohozi ni cha vumbi. Hela ya mtungi wa gesi nimemtumia binamu leo asubuhi. Risiti naitaka, maana ile ya mwanzo iligeuka vitenge.