Jina la Mtunzi na Alama za Mpiga Chapa: Kutoka Miswada ya Pwani hadi Nyimbo za Lorugum

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya vina na mizani, maudhui na itikadi, lakini wameandika machache sana juu ya ukurasa wenyewe. Ni nani aliyeamua kwamba vipande vinne vya ubeti wa utenzi vipangwe kimoja chini ya kingine? Ni nani aliyeamua jina la mtunzi lianzie wapi katika orodha ya marejeleo? Kwa kawaida maswali haya huachiwa mpiga chapa, kana kwamba hayaihusu taaluma yetu. Makala haya yanashikilia kwamba ni maswali ya uhakiki. Yatafuatilia kwa ufupi historia ya alama za kupangia matini, kuanzia miswada ya hati za Kiarabu hadi mifumo ya kompyuta kama vile LaTeX, kisha yataonyesha jinsi historia hiyo inavyomgusa mtafiti anayekusanya nyimbo za Waturkana huko Lorugum, magharibi ya Lodwar.

2.0 Ukurasa kabla ya mashine

Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja au miwili, na vipande vyake hutengwa kwa alama ndogo, pengine za wino mwekundu. Msomaji alitambua mwisho wa ubeti kwa kina cha bahari, wala hakuhitaji nafasi tupu ili aambiwe hivyo. Wahariri wa karne ya 20 walibadili mpangilio huo. Alice Werner na William Hichens walipoutoa utenzi wa Mwana Kupona mwaka 1934, Hichens alipoitoa Al-Inkishafi mwaka 1939, na J. W. T. Allen alipokusanya tenzi sita katika kitabu chake Tendi mwaka 1971, matini yalihamishiwa katika hati za Kirumi na kupewa sura ya ukurasa wa Kizungu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nakala za utenzi mmoja hazilingani daima kwa idadi ya beti wala kwa mfuatano wake. Kwa hiyo nambari ya ukurasa ni mali ya toleo fulani, na hata nambari ya ubeti ni uamuzi wa mhariri fulani. Anayetaja ukurasa peke yake humwacha njiani msomaji mwenye toleo jingine.

Hata hivyo, mapokeo yetu yalikuwa tayari na msamiati wa kuupanga ubeti bila kutegemea sura yake. Maneno ukwapi, utao, mwandamo, kituo na kiitikio hayasemi herufi ziwe nene au za mlazo. Yanaitaja kazi ya kila sehemu katika shairi. Kituo hubaki kituo, kiwe kimeandikwa kwa wino mwekundu au kimeimbwa gizani.

3.0 Alama za kazi na alama za sura

Wazo hilo la kutenga kazi na sura lilichelewa kuingia katika kompyuta. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake katika kampuni ya IBM walibuni lugha ya alama iliyoitwa GML, ambayo baadaye ilizaa SGML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986. Kwa upande mwingine, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford hakuridhishwa na prufu za toleo jipya la kitabu chake, kwani uchapaji wa risasi ulikuwa umeachwa na mitambo mipya ilitoa kurasa mbovu. Mwaka 1977 alianza kutunga programu ya TeX. Leslie Lamport alijenga LaTeX juu ya msingi huo, na mwongozo wake ukachapishwa mwaka 1986. Katika LaTeX mwandishi hasemi «weka maneno haya katikati kwa herufi kubwa». Husema «hiki ni kichwa cha sehemu», na sura huamuliwa mahali pengine.

Faida yake kwa mhakiki ni kubwa. Ubeti ukipewa lakabu, mwandishi huurejelea kwa lakabu hiyo, na programu hutafuta nambari yenyewe. Ukiongezwa ubeti uliopatikana katika nakala nyingine, marejeleo yote hujirekebisha. Lakini programu husoma matini kutoka mwanzo hadi mwisho, na haiwezi kujua nambari ya jambo ambalo haijalifikia. Kwa hiyo katika mzunguko wa kwanza huandika nambari hizo katika faili la kando, na katika wa pili hulisoma. Ndiyo sababu ya zile alama za kuuliza zinazowafadhaisha wanafunzi wanaoiendesha mara moja tu. Penye orodha ya marejeleo, huendeshwa LaTeX, kisha BibTeX, halafu LaTeX mara mbili tena. Alama za kuuliza zikibaki baada ya hapo, kosa huwa katika lakabu iliyoandikwa vibaya au isiyokuwepo.

4.0 Mwana Kupona katika herufi B

Tatizo zito zaidi halitoi onyo lolote. BibTeX, iliyotungwa na Oren Patashnik mwaka 1985, huligawa jina la mwandishi katika jina la kwanza, kiungo na jina la ukoo. Neno linaloanza kwa herufi ndogo huchukuliwa kuwa kiungo, kama «von» ya Wajerumani. Kwa kanuni hiyo, Mwana Kupona binti Msham huwa na jina la kwanza «Mwana Kupona», kiungo «binti» na ukoo «Msham». Katika mitindo ya kawaida hupangwa penye B, na katika mitindo ya jina na mwaka hutajwa kuwa «binti Msham». Mshairi aliyetunga mwaka 1858, na ambaye jina lake ndilo jina la utenzi wenyewe, hutoweka nyuma ya baba yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye huwekwa jirani yake, akiitwa «bin Ali bin Nasir».

Dawa ya kiufundi ni nyepesi: jina zima likitiwa ndani ya mabano ya mikunjo, programu hulichukua kuwa kitu kimoja na kulipanga kwa neno lake la mwanzo. Lakini anayetia mabano hayo ameamua jambo la kihakiki, yaani kwamba «binti Msham» ni nasaba na si jina la ukoo. Wala ugomvi huu haukuletwa na kompyuta. Shaaban Robert amekuwa akiorodheshwa penye R na wengine na penye S na wengine tangu enzi za taipureta.

5.0 Mtafiti huko Lorugum

Tuchukulie sasa mtafiti anayerekodi nyimbo za fahali huko Lorugum na kuziandikia tasnifu kwa Kiswahili. Kwanza atakutana na herufi. Jina la watu wenyewe huandikwa Ngiturkana, Ng'iturkana au Ŋiturkana, na mtu anayetafuta umbo moja hatapata mengine. Mfumo wa kwanza wa herufi za TeX haukuwa na ŋ. Iliingizwa katika mpangilio uliokubaliwa huko Cork, Ayalandi, mwaka 1990. Tena, irabu zisizo na ghuna za mwisho wa neno, ambazo wanaisimu wameziandika kwa makini, huachwa katika maandishi ya kawaida.

Pili atakutana na majina. Lo- na Na- ni viambishi vya jinsia, kama tunavyoona katika Lodwar, Lorugum na Nariokotome, na vivyo hivyo E- na A- katika Ekai na Akai. Orodha ya waimbaji ikipangwa kwa alfabeti itarundikana katika herufi nne, na itakuwa imewatenga wanaume na wanawake bila mtafiti kukusudia. Zaidi ya hayo, mwanamume huweza kujulikana kwa jina litokanalo na fahali wake ampendaye, na pengine ndilo alilojitaja katika wimbo. Je, programu ipewe lipi? Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, swali hupanuka: Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu, wala la mwisho si la ukoo.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Matini ya kishairi yarejelewe kwa ubeti na toleo pamoja. Jina la mtunzi wa Kiafrika liingizwe zima, kama lilivyotajwa na mwenyewe au na jamii yake, na majina yake mengine yaelekezwe kwake. Mwimbaji wa fasihi simulizi awekwe katika orodha ileile ya watunzi, pamoja na mahali na tarehe ya utendaji, badala ya kufichwa katika tanbihi chini ya jina la mkusanyaji, isipokuwa mwenyewe akiomba asitajwe. Uamuzi huo unapaswa kufanywa na mtafiti akiwa bado Lorugum, na mwimbaji yupo wa kuulizwa. Akisharudi chuoni na kuyaingiza majina katika faili, programu itayagawa kwa kanuni zake, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwambia kwamba amemwandika mtu asiye yeye.