Walimu, matuta na nchi ya Usambara

Wadau, vijana wa mjini tuna utani mmoja mbaya: aliyekosa pa kwenda, aende ualimu. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipowachukua vijana wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na kuwatawanya mashuleni, mtaani tukawabatiza "voda fasta", kama vocha ya simu. Tulicheka sana. Leo naomba tuache kucheka kidogo, tupande mlimani tuangalie mwalimu alikuwa nani kabla hatujamfanya kichekesho.

Ukiiacha barabara kuu pale Mombo, ukapanda kona kwa kona kupitia Soni, unaingia Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, baadaye wakaenda Vuga na Bumbuli. Palipojengwa kanisa, na shule ilikuwa jirani. Kule chini Tanga, serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake isiyofundisha dini, na humo ndimo lilimochapwa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Waliosoma pale wakawa makarani na walimu, na gazeti likapata waandishi. Kwa lugha yetu ya leo, hao ndio wanablogu wa kwanza wa mkoa wa Tanga.

Lakini tusidanganyane, elimu hiyo haikuwa ya wote. Usambara ina Waislamu wengi, na mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kuogopa kumpeleka mtoto shule ya misheni akarudi amebatizwa. Kijiji chenye misheni kikatangulia, kisicho nayo kikabaki nyuma. Halafu wakati wa Mwingereza, hapo hapo Lushoto palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, waliopenda baridi ya milimani. Mlima mmoja, lakini kila mtoto na mlango wake.

Sasa tuje kwenye matuta. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo bonde la Mlalo. Watu wakaamriwa kulima matuta kwenye miteremko, kazi ngumu iliyowaangukia zaidi akina mama, maana wao ndio walioshika jembe. Wasambaa wana maneno mawili ya siasa ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyaeleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwao mtawala alipimwa kwa hilo: je, mvua inanyesha, watu wanashiba? Serikali ilisema matuta yanaponya nchi. Wakulima wakasema yanaiharibu.

Wanachama wa TAA wa Mlalo, watu waliojua kusoma na kuandika, walisimama dhidi ya utawala wa chifu. Mwaka 1947 Magogo akaachia kiti, akatawazwa Kimweri Mputa Magogo. Ugomvi wa matuta uliendelea mpaka mpango wenyewe ukaachwa mwaka 1957, wakati TANU imeshashika mizizi milimani.

Mfikirie mwalimu wa shule ya kijiji katika miaka hiyo. Mshahara wake unatoka misheni au serikalini. Barua ya bwana shauri ikija, yeye ndiye anayeweza kuisoma. Wanakijiji wakitaka kujibu, yeye ndiye mwenye kalamu. Na anayelima tuta ni mama yake. Mtu huyo hakuhitaji kugombea cheo ili awe kiongozi. Uongozi ulimfuata nyumbani kwake.

Serikali nayo ililiona hilo. Mwaka 1953, chini ya Gavana Twining, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Walimu wa misheni nao walibanwa, kwani misheni zilipokea ruzuku ya serikali. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu akatakiwa achague: darasa au TANU. Akaacha kazi. Jina lake mnalijua, na ile "Mwalimu" iliyotangulia jina hilo haikuwa pambo. Wengi wengine hawakuwa na uwezo wa kuacha mshahara. Wakasaidia kimya kimya, na historia haikuandika majina yao.

Tulipata nini? Januari 1962 shule za rangi zikaunganishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazichukua shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku, mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa haraka haraka wakawa walimu wa UPE. Nao walichekwa! Voda fasta wana babu zao. Ada ya msingi ilirudi miaka ya 1980, ikafutwa tena 2001, na ya sekondari za serikali ikafutwa kuanzia 2016.

Mimi nasoma hivi: kila hatua ya usawa ilibebwa mgongoni na mwalimu, mara nyingi bila ya yeye kuulizwa. Na anapofungua mdomo kuhusu hali yake, tunashtuka. Julai 2012 Chama cha Walimu kilipoitisha mgomo, mahakama ilisema si halali na walimu wakarudi darasani. Wengi mjini tuliuliza tu watoto watasoma lini. Hatukuuliza wanasoma katika hali gani.

Mtoto wa kijiji cha ndani kule Usambara bado hana mlango sawa na wa mtoto wa Masaki, hata kama ada imefutwa. Anayeliona hilo kila asubuhi ni mwalimu wake, si mbunge wala mimi mwandishi wa Dar. Mwalimu huyo akiogopa kusema kwa sababu ya barua ya uhamisho, tutakuwa tumerudi kwa Twining kwa mlango wa nyuma. Wasambaa wangeuliza swali moja tu: hapo tunaiponya nchi au tunaiharibu?